Kwa Ofisa Mauzo Mpya wa Kampuni ya Uchapaji: Fuata Kazi Inayojirudia

Ukiajiriwa leo kuuza huduma za uchapaji na matangazo jijini Dar es Salaam, haitapita wiki kabla hujakutana na jambo linalowavunja moyo wageni wengi wa kazi hii: karibu kila mteja unayemfikia ana bei aliyokwisha kupewa na mtu mwingine, na mara nyingi bei hiyo ni ndogo kuliko yako. Kariakoo na mitaa ya katikati ya mji ina maduka tele ya stika, fleksi, fulana na kadi, na wapo pia vishoka wasiomiliki mashine hata moja, ambao hupokea kazi kwa simu, wakaipeleka kwa mwenye mashine na kubaki na tofauti ya bei. Ukitaka kushindana nao kwa bei ya kipande kimoja utashindana mpaka uchoke, kwa kuwa wao hawalipi pango la kiwanda wala mishahara ya mafundi. Ninayokueleza hapa yanasimama juu ya jambo moja nililolithibitisha kwa miaka mingi ya kuuza: kampuni ya uchapaji hukua kwa wateja wanaochapa tena na tena, na kila hatua yako, tangu kupanga bei hadi kufuatilia deni, inafaa ipimwe kwa kuangalia kama inakuletea mteja wa namna hiyo au inamfukuza.

Tofauti ya kazi inayojirudia na kazi ya mara moja si ngumu kuiona. Bango la uzinduzi wa duka, fulana za kamati ya harusi au vipeperushi vya tamasha ni kazi ya mara moja. Inalipa, wala usiikatae, lakini ikiisha inabidi uanze upya kumtafuta mtu mwingine. Fomu za kliniki, ripoti za wanafunzi, hati za kupokelea mizigo, lebo za asali, mifuko ya karatasi ya duka la mikate na vibandiko vya dawa ni kazi inayoliwa na matumizi ya kila siku. Mteja wa lebo akiuza chupa zake zote, lebo nazo zimekwisha, na atakutafuta mwenyewe kama mara ya kwanza ulimhudumia vizuri. Kwa hiyo unapopanga orodha ya watu wa kutembelea, usianze na kampuni zenye majina makubwa na ofisi za vioo. Anza na wale ambao shughuli yao haiwezi kwenda siku tatu bila kitu kilichochapwa.

Kabla ya kutembelea mtu yeyote, hata hivyo, omba ukae kiwandani. Ofisa mauzo asiyejua karatasi inavyopita kwenye mashine huahidi mambo yasiyowezekana na hupanga bei kwa kubahatisha. Ukikaa na mkataji wa karatasi kwa muda utajifunza mambo ambayo hayamo kwenye orodha yoyote ya bei. Chukua kipeperushi cha A5, chenye milimita 148 kwa 210. Ukiongeza ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa, vipeperushi vinne vinakaa kwenye karatasi moja ya SRA3, ambayo ina milimita 320 kwa 450. Sasa mteja anakuambia anataka chake kiwe kikubwa kidogo, sentimita 16 kwa 22, kwa sababu alikiona kwa jirani kikampendeza. Kwa ukubwa huo, pamoja na ziada ileile ya kukatwa, vinakaa viwili tu kwenye karatasi ileile. Sentimita moja ya hapa na pale imezidisha karatasi mara mbili, pamoja na mapito ya mashine, na kama hukulijua hilo ulipokuwa umekaa mbele yake, umekwisha kumtajia bei ya hasara. Ukilijua, unamweleza palepale, naye akichagua A5 atakuwa ameokoa fedha kwa maneno yako, jambo ambalo kishoka hakuweza kumfanyia.

Mengine ya namna hiyo utayaokota polepole. Kijitabu cha kubanwa kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwa hiyo mteja mwenye kurasa 18 analipia 20, na ni afadhali umshauri azitumie hizo mbili kwa tangazo au picha kuliko kuziacha tupu. Karatasi ya gramu 80 (kwa mita ya mraba) ndiyo ya barua na fomu. Kadi ya biashara inataka gramu 300 au zaidi ili isilegee mfukoni. Rangi zinazong'aa kwenye kioo cha simu, hasa machungwa na kijani kikali, hufifia zinapochapwa kwa wino wa rangi nne, na mteja asipoambiwa mapema atadhani umemwibia.

Jambo la kuelewa kuliko yote kiwandani ni mpaka kati ya mashine ya dijitali na ya ofseti. Ofseti ina gharama ya kuandaa ambayo hulipwa hata ukichapa nakala moja: pleti (bamba la chuma lenye sura ya kazi), kupanga rangi, karatasi zinazoharibika mpaka rangi zikae sawa. Dijitali haina maandalizi makubwa, lakini kila nakala ni ghali. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, kwamba kipeperushi kwenye dijitali kinagharimu shilingi 600 kwa nakala, na kwenye ofseti maandalizi ni shilingi 180,000 na kila nakala shilingi 150. Nakala 200 kwa dijitali ni shilingi 120,000 na kwa ofseti ni 210,000. Gharama zinalingana kwenye nakala 400. Zikifika 1,000, dijitali ni shilingi 600,000 na ofseti ni 330,000. Tafuta mpaka wa kiwanda chenu ni nakala ngapi kwa kila aina ya kazi, uukariri, kwa maana maswali mengi ya wateja kuhusu bei yana jibu lake hapo. Mteja akiomba nakala 300 kila mwezi, unaweza kumwonyesha kwamba akiagiza za miezi minne kwa pamoja, bei ya nakala inashuka na wewe hujapunguza chochote kwenye faida yako.

Sasa kuhusu ziara yenyewe. Wageni wengi huingia ofisini kwa mtu na kabrasha la sampuli, wakalifungua na kuanza kutaja kila kitu kampuni inachoweza kuchapa. Mwenye ofisi husikiliza kwa adabu, huomba waache kadi, na habari inaishia hapo. Mimi nimeona faida zaidi katika kuangalia meza za watu. Nakumbuka zahanati moja ya binafsi ambayo fomu zake za kumwandikisha mgonjwa zilikuwa zimetolewa kopi juu ya kopi mpaka mistari ikawa imekwenda upande na jina la zahanati halisomeki tena. Mhudumu wa mapokezi alikuwa akiandika jina la mgonjwa, umri na namba ya simu kwenye fomu, halafu akayarudia yaleyale kwenye kadi, halafu tena kwenye karatasi ya maabara. Niliomba kuziona zote tatu, nikaziweka sambamba juu ya kaunta, nikamuuliza ni kitu gani kinachomchelewesha asubuhi watu wanapojaa. Sikumuuliza bei wanayolipa kwa kopi. Alinieleza mwenyewe, tena kwa hasira kidogo, kwamba karatasi ya maabara ikipotea inabidi waanze upya. Tulirudi na pendekezo la fomu moja ya nakala tatu kwa karatasi zinazonakili zenyewe bila kaboni, kila nakala na rangi yake, yenye namba mfululizo, imefungwa katika vitabu. Bei yetu kwa ukurasa ilikuwa juu ya ile ya kopi, na meneja hakubishana nayo, kwa kuwa mhudumu wake alikuwa amekwisha kumweleza shida yenyewe kabla yetu.

Yapo mawili ya kuchukua hapo. Kwanza, anayeitumia karatasi na anayeilipia ni watu tofauti, na anayeitumia ndiye anayejua kasoro zake. Msalimie vizuri, mwite dada au kaka kama ilivyo desturi, mpe muda wake, wala usimpite haraka kwenda kwa bosi. Pili, ukishatengeneza fomu yenye namba mfululizo, mteja ana sababu ya kurudi kwako, kwa kuwa wewe ndiye unayejua namba iliyoishia na una faili lake. Hapo ushindani wa bei unapoa wenyewe.

Bei nayo itakushughulisha kila siku. Mteja atakuomba punguzo, na mgeni wa kazi huona asilimia 10 ni kitu kidogo cha kumridhisha mtu. Fanya hesabu kabla hujafungua mdomo. Kazi ya shilingi 1,000,000 ambayo gharama yake ni 700,000 ina faida ya 300,000. Ukipunguza asilimia 10 umetoa 100,000, yote kutoka kwenye faida, maana karatasi na wino havijapungua bei. Umetoa theluthi moja ya ulichokuwa unapata. Ili kufikia faida ileile itabidi ufanye kazi tatu pale ulipokuwa unafanya mbili, kwa mashine zilezile na mafundi walewale. Kwa hiyo ukilazimika kupunguza, punguza na kitu: idadi iongezeke, karatasi iwe nyepesi, rangi ziwe mbili badala ya nne, muda wa kukabidhi usogezwe, au malipo yote yatangulie. Mteja anayepewa punguzo bila kuombwa kitu hujifunza kwamba bei yako ya kwanza haikuwa ya kweli, na kazi ijayo ataanzia hapo.

Profoma yako, yaani hati ya bei unayompa mteja kabla ya kazi, ieleze kazi kikamilifu. Usiandike «vipeperushi 1,000» ukaishia hapo. Andika ukubwa, uzito wa karatasi, idadi ya rangi na kama ni upande mmoja au miwili, namna ya kumalizia, nani anatengeneza usanifu na mara ngapi unaweza kurekebishwa bila malipo ya ziada, siku ya kukabidhi baada ya kuidhinishwa kwa prufu (nakala ya majaribio anayoikagua mteja), na muda ambao bei hiyo itadumu. Karatasi nyingi tunazotumia huagizwa kutoka nje, na shilingi ikitikisika dhidi ya dola bei yake hubadilika, hivyo profoma isiyo na mwisho wa muda ni mtego uliojiwekea. Eleza wazi kama bei ina VAT ya asilimia 18 au haina. Kumbuka pia kwamba mteja ambaye ni kampuni, akihesabu kazi yako kuwa huduma, atakata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye ankara ya shilingi 1,000,000 pamoja na VAT ya 180,000, kitakachoingia benki ni 1,130,000, na hiyo 50,000 iliyobaki inathibitishwa na cheti cha zuio ambacho ni wajibu wako kukidai. Nimeona maofisa mauzo wakigombana na wahasibu wa wateja kwa «kulipwa pungufu», kumbe ni kodi.

Faili la mteja lina matatizo yake. Nembo nyingi zitakujia kwa WhatsApp, zikiwa zimebanwa mpaka kingo zimepasuka. Picha ya kuchapa inataka nukta 300 kwa inchi katika ukubwa itakaochapwa, na nembo ni bora iwe faili la mistari, la CorelDRAW, Illustrator au PDF nzuri. Mwombe mteja aitume kama dokumenti, isiwe picha. Kama hana, mwambie gharama ya kuichora upya na uiweke kwenye profoma. Baada ya usanifu, prufu isainiwe na mtu mmoja mwenye mamlaka, kwa jina na tarehe, hata kama ni kwa barua pepe. Wewe mwenyewe, kabla ya kuipeleka, piga kila namba ya simu iliyoandikwa humo uone inaita kwa nani, linganisha tarehe na siku zake kwenye kalenda, na usome majina ya watu herufi kwa herufi. Ukisoma kwa haraka, macho yako yataona ulichokusudia kuandika na kuruka kilichoandikwa. Mteja huwa anaangalia rangi ya nembo tu, na makosa ya namba ya simu yakionekana kwenye nakala 5,000, saini yake itakulinda kisheria lakini haitamrudisha.

Kuhusu fedha nitasema kwa ukali kidogo. Kampuni nyingi za uchapaji zilizofungwa hazikukosa kazi. Zilikosa fedha zilizokuwa mikononi mwa wateja. Mauzo ya mali kauli, yaani ya kulipwa baadaye, yana nafasi yake kwa mteja unayemfahamu, lakini mteja mpya alipe angalau nusu kabla pleti hazijatengenezwa, na iliyobaki kabla mzigo haujatoka, kwa sababu kazi iliyochapwa kwa jina lake huwezi kumuuzia mtu mwingine yeyote. Kalenda yenye nembo ya fulani, mwenyewe akiikataa, ni karatasi ya kufungia maandazi. Kwa kampuni inayotoa oda ya ununuzi na kulipa baada ya siku 30, uliza siku hizo zinahesabiwa tangu lini: tangu mzigo ulipopokelewa, au tangu ankara ilipofika kwa mhasibu. Hakikisha hati ya kupokelea imesainiwa na kugongwa muhuri, na ankara iwe mezani kwa mhasibu siku ileile. Kamisheni yako, kama una nafasi ya kuijadili, ikubali ilipwe fedha zikiingia badala ya kazi ikitoka. Utajikuta unachagua wateja kwa uangalifu zaidi.

Utakutana pia na ofisa ununuzi atakayekuomba kwa sauti ya chini uweke «cha juu». Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Hata ukiliacha la sheria, liangalie kibiashara: mteja uliyempata kwa njia hiyo si wako, ni wa yule ofisa, na siku akihamishwa au akipata anayetoa zaidi, kazi yote inaondoka naye. Jibu linalonifaa ni kusema kwamba bei zetu hupangwa na ofisi na kwamba ninachoweza kutoa ni muda mfupi zaidi wa kukabidhi au sampuli za ziada. Wapo watakaokununia. Waache.

Mwaka wa uchapaji una misimu yake, na anayeisubiri ifike amechelewa. Kalenda na dayari huuzwa kuanzia Septemba, maana Desemba kila kiwanda kimejaa na mteja anataka kugawa zake kabla ya mwaka mpya. Shule hutaka ripoti za wanafunzi kabla ya likizo za Juni na Desemba, na mitihani ya majaribio kabla ya ile ya taifa. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, kwa hiyo Mei na Juni ofisi za umma na miradi mingi huharakisha kutumia bajeti iliyobaki. Maonyesho ya Sabasaba hapa Dar es Salaam na ya Nane Nane mikoani yana washiriki wanaohitaji vipeperushi, mabango ya kusimama na fulana, na wengi wao hukumbuka zikibaki siku chache. Ukimpigia mwonyeshaji mwezi mmoja kabla, unauza kwa utulivu. Akikupigia yeye siku mbili kabla, mtatoza bei ya dharura, lakini mtachapa usiku na makosa yatakuwa mengi.

Soko lenyewe linabadilika, na kampuni inayokua ni ile inayoona kinachokufa mapema. Mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilipoanza kutumika mwaka 2010, vitabu vya risiti na ankara vilivyokuwa mkate wa wachapaji wadogo vilianza kupungua. Kadi za michango ya harusi zimehamia kwenye simu kwa kiasi kikubwa. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Juni 1, 2019 ilifungua kazi ya mifuko ya karatasi na ya kitambaa chepesi yenye nembo. Na wajasiriamali wa unga wa lishe, viungo, asali, karanga za kusaga na mafuta ya nazi wanazidi kuingiza bidhaa zao kwenye maduka makubwa, ambako haziingii bila vifungashio vinavyoeleweka.

Kama ungeniuliza leo mgeni aweke nguvu zake wapi, ningemwambia kwenye hizo lebo. Mzalishaji mdogo hajui lebo inatakiwa kuwa na nini, na wewe ukijua umekuwa mshauri wake. Jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda ni mambo ambayo TBS, Shirika la Viwango Tanzania, huyaangalia. Namba ya mistari ya bidhaa (barcode) hutolewa kupitia GS1, shirika linalosimamia namba hizo, na za Tanzania huanza na 620. Usimchapie alama ya ubora ya TBS ambayo hajapewa kibali chake, hata akikuambia kinakuja wiki ijayo. Zingatia pia kitu kinachobandikwa: stika ya karatasi kwenye chupa ya mafuta ya nazi hulowa na kuchubuka kwa muda mfupi, wakati stika ya plastiki inastahimili. Mwombe mteja akuachie chupa moja, ibandike sampuli, ipake mafuta kwa kidole, iache kwenye friji usiku kucha, kisha umpelekee aione. Chupa hiyo itauza kuliko kabrasha lako lote. Acha nafasi tupu ya kugonga tarehe kwa muhuri ili asilazimike kuchapa lebo mpya kwa kila pishi, na mwanzoni mchapie idadi ndogo kwa dijitali, hata kama faida ni nyembamba. Wanaokua watafika kwenye ofseti.

Baadhi ya kampuni huongeza huduma za matangazo juu ya uchapaji: usanifu wa chapa ya biashara, promosheni za mitaani, kurasa za mitandao ya kijamii, ujumbe mfupi wa simu kwa wateja. Ni hatua nzuri kwa mteja uliye naye tayari, kwa kuwa anayekuamini kwa lebo atakusikiliza kwa mengine. Uza kile unachoweza kuonyesha matokeo yake. Vipeperushi vya mtaa wa Sinza vipewe neno la punguzo tofauti na vya Mbagala, ili mwenye duka ajue upande upi umemletea watu. Hata daftari la muuzaji linatosha kuhesabu. Usiahidi mauzo kuongezeka kwa kiasi fulani, kwa sababu bei ya bidhaa, mapokezi ya dukani na ubora havimo mikononi mwako. Na usinunue orodha za namba za simu za watu kwa ajili ya kutuma ujumbe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na taarifa za mtu zinatakiwa kutumika kwa lengo lililokusudiwa zilipokusanywa. Kwa mabango ya barabarani, kibali cha eneo kitangulie. Bango lililosimikwa kwenye hifadhi ya barabara bila ruhusa ya wakala wa barabara husika, TANROADS au TARURA, linaweza kuondolewa, na mteja atakutazama wewe.

Kazi za serikali nitazipitia kwa kifupi. Zabuni sasa hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na kampuni isiyojisajili humo haiwezi kushiriki. Sheria inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na vikundi vingi vya namna hiyo vinahitaji mshirika mwenye mashine. Baadhi ya nyaraka za serikali ni za Mpigachapa Mkuu wa Serikali na hazitafika kwako. Malipo yanaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo usiruhusu kazi hizi zizidi uwezo wa kampuni kusubiri fedha zake.

Kazi ikishakabidhiwa, ndipo mauzo ya pili yanapoanza. Tunza rekodi ya kila oda: kazi gani, idadi, karatasi, tarehe, namba iliyoishia, na mteja alisema atamaliza lini. Kama zahanati inatumia vitabu 10 kwa mwezi na imechukua 40, wiki ya 12 au 13 umpigie meneja, usingoje ya 16. Mwambie umebakiwa na siku ngapi za kuchapa kabla hajaishiwa. Hilo wateja hulipenda sana, kwa sababu kuishiwa fomu huwaaibisha wao mbele ya wakubwa wao. Piga pia simu siku mbili baada ya kila kukabidhi, uulize kama kuna kasoro. Ukiisikia wewe kwanza unaweza kuirekebisha, akiisikia jirani yake umepoteza wawili.

Hatimaye wakubwa watakuuliza kama ni wakati wa kununua mashine mpya, kwa kuwa wewe ndiye unayejua wateja wanataka nini. Usijibu kwa shauku. Kwa muda mrefu inawezekana kuuza huduma usiyo na mashine yake kwa kuipeleka kwa mchapaji mwenzako, ilimradi umekwenda kuona kiwanda chake, mna makubaliano ya bei na muda, na prufu inapita kwako. Faida kwa kila kazi itakuwa ndogo, lakini hutalipia mkopo mwezi ambao hakuna oda. Weka hesabu ya kazi hizo zinazotoka nje, mwezi kwa mwezi, na utenganishe za wateja wanaojirudia na za waliokuja mara moja. Zile za kujirudia peke yake zikitosha kulipa rejesho la mkopo, fundi, umeme na wino, peleka hesabu hiyo kwa wakubwa. Kabla hawajasaini chochote, wamuulize muuzaji wa mashine vipuri vinatoka wapi na vinachukua siku ngapi kufika, na fundi wa kuitengeneza anaishi Dar es Salaam au anasubiriwa kwa ndege.